Ukurasa Nilioubadilisha

Kwa wiki tatu nilikosa usingizi nikijiuliza kama nina haki ya kumfanya mtu aonekane mwema kuliko alivyokuwa. Nilikuwa nimeshafanya hivyo, kwa hiyo swali lilikuwa limechelewa, lakini mimi ni mtu wa kuanza kujiuliza mambo yakishatokea.

Ilikuwa 2017, mwaka wa pili tangu nimalize chuo bila kupata kazi. Mhariri mmoja mwenye kampuni ndogo ya vitabu alinipa kibarua. Alitaka kuchapisha kumbukumbu za mwanamke wa Kongo aliyecheza filamu za watu wazima hapa Johannesburg kwa miaka sita. Mwanamke huyo alizungumza Kiswahili na Kifaransa, na Kiingereza chake kilitosha sokoni tu. Mimi ni Mkenya niliyekulia hapa. Kazi yangu ilikuwa kumsikiliza, kumrekodi kwa simu, kisha kuyaandika maneno yake kwa Kiingereza kama ambavyo angeyaandika mwenyewe. Wazazi wangu niliwaambia natafsiri historia ya kanisa.

Wakati huo yeye alikuwa ameshakuwa fundi cherehani. Alishonea kwenye gereji ya nyumba aliyopanga Turffontein, karibu na uwanja wa mbio za farasi. Siku za mbio, kelele za watu zilipanda ghafla kisha zikakatika, na kila zilipokatika nilidhani kuna mtu ameumia.

"Wewe njo ule wa diploma?" aliniuliza siku ya kwanza kwa Kiswahili cha Kongo, ambacho "njo" ni "ndiye", bila kuacha kukanyaga cherehani.

"Ndiyo, mama."

"Sasa mbona unaangalia ukuta? Ukuta haukucheza filamu."

Tangu hapo akaniita Diploma. Nilikuwa nimejiandaa kusikia mambo ya aibu, hata nilifanya mazoezi ya uso wa kuonyesha kwamba sishangai. Sikujiandaa kusikia kipigo.

Yeye na wenzake walifanyia kazi katika nyumba kubwa ya mawe mtaa wa Observatory, juu kwenye mteremko, yenye bwawa la kuogelea lisilo na maji. Walianza asubuhi kwa sababu ya mwanga. Bosi wao alitembea na waya wa pasi uliokatwa, ameukunja mara mbili. Aliwapiga nyayoni, na kichwani ndani ya nywele, kwa sababu kamera haifiki huko. Ukilia kabla ya kuambiwa ulie, waya. Ukichelewa kutoka bafuni, waya. Mwenzao mmoja alimjibu mbele ya wapiga picha. Bosi alimshika shingo akambamiza uso kwenye beseni la kunawia hadi beseni likapasuka, na meno mawili yakabaki ndani. Kutwa nzima bosi alilalamikia beseni.

"Uangalie zile filamu muzuri," aliniambia. "Hapana, usiangalie, wewe ni mutoto wa watu. Lakini ukiangalia, hakuna mutu anatembea. Tunalala, tunakaa, tunapiga magoti. Batu banafikiri ni mapenzi. Ni nyayo tu, Diploma. Zilikuwa zinatuuma."

Alicheka. Mimi nikaomba maji.

Katika mkutano wa sita ndipo aliponieleza sababu ya kukubali kitabu hiki. Siku hiyo alisimamisha cherehani, akafunga mlango wa gereji, akaitazama simu yangu kuhakikisha inarekodi.

Katika nyumba ile aliletwa mwanamke mgeni, Mtanzania wa miaka ishirini na tatu. Alikuwa amesoma. Alisoma chochote kilichokuwa na maandishi, magazeti ya zamani, maelezo ya dawa, riwaya za Kiingereza alizobeba kwenye mkoba. Siku ya kwanza alivua koti, akaona kamera, akalivaa tena. Alisema ameambiwa ni kazi ya matangazo ya nguo, na anataka kwenda nyumbani.

Bosi hakumpiga. Alimgeukia huyu fundi wangu, ambaye alikuwa mkubwa kuliko wote pale, akamkabidhi waya. Akamwambia akimfanya mgeni akubali, atapewa Jumapili nzima asije kazini.

"Alikutishia?" nilimuuliza.

"Hapana."

"Lakini ulijua ukikataa atakupiga wewe."

"Sikufikiria ile. Nilichoka. Nilitaka kulala siku moja. Kwa ile Jumapili, mimi njo nilimupiga."

Alimfunga miguu kwa mshipi wa gauni, akaikalia, akampiga nyayoni. Yule dada alimwita "dada, dada yangu," akamsihi kwa Kiswahili ambacho bosi hakukielewa. Fundi alisema kwamba sauti ile ilimkasirisha, akazidisha. Alimgonga kidole gumba cha mguu kwa plagi ngumu iliyobaki mwishoni mwa waya, akakisikia kikivunjika. Mgeni akakubali. Alifanya kazi siku hiyohiyo. Baada ya miezi minne alitoroka akichechemea na hakuna aliyejua alikoelekea.

"Jumapili ulilala?" niliuliza. Sijui kwa nini niliuliza hivyo.

"Nililala sana. Andika ile pia." Kisha akasema, "Yule anasomaka kila kitu. Hiki kitabu kikitoka, siku moja atakiona. Nataka aone ninasema ni mimi."

Nilirudi kwetu nikaketi mbele ya kompyuta siku mbili. Niliwaza kwamba anaishi kwa karatasi ya ukimbizi inayopaswa kusainiwa upya kila baada ya miezi michache. Niliwaza polisi wakisoma. Niliwaza msomaji akifika ukurasa huo na kukitupa kitabu. Ukweli mwingine sikuutaka hata kichwani: nilikuwa nimeanza kumpenda kama shangazi, na sikutaka kukaa tena mbele ya mikono ile nikijua. Basi nikaandika kwamba bosi ndiye aliyempiga mgeni, na kwamba yeye alisimama mlangoni akilia, asiweze kusaidia. Kilio nilikiandika vizuri sana. Mhariri alinipigia simu akasema ukurasa huo umemliza hata yeye.

Hapo ndipo usingizi ulipokatika.

Baada ya zile wiki tatu, mhariri alinituma nimpelekee fundi rasimu iliyochapwa. Ilikuwa Jumamosi mchana. Binti yake wa miaka kumi na mitano alikuwa gerejini anafungua mishono. Amezaliwa hapa, Kiswahili anakisikia lakini anajibu kwa Kiingereza au Kizulu. Mama yake aliyaficha makaratasi mengine yote chini ya vitambaa, akatoa sura ile moja tu.

"Hii anaijua, nilimuelezaka mwenyewe," alisema. "Soma, nisikie vile Diploma ameipanga."

Nilitaka kusema nina mkutano. Nilibaki nimesimama. Binti alisoma kwa sauti, haraka, kama wanavyosoma shuleni. Alipofika katikati akapunguza mwendo, akanitazama, akamtazama mama yake, akajaribu kwa Kiswahili cha kuokoteza.

"Mama, hapa inasema bosi alipiga yeye. Wewe inasema ulilia."

"Rudia."

"Bosi alipiga. Wewe ulilia. Kwa mlango."

Cherehani ilinyamaza. Fundi hakupiga kelele. Aliinuka, akachukua rula ya mbao ya kupimia vitambaa, akaniambia, "Toa viatu."

"Mama, naomba nieleze. Nilifikiria karatasi yako, nilifikiria..."

"Unafikiriaka sana. Toa viatu, na soksi. Lala pale."

Mtu mwingine angetoka. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikutoka, na jibu ninalolipata ni kwamba nilikuwa nimesubiri wiki tatu mtu aniadhibu. Nililala kifudifudi juu ya marobota ya vitambaa. Binti alisema kwa Kiingereza, "Mama, tafadhali, eish, acha." Fundi aliikalia miguu yangu. Alikuwa mzito kuliko nilivyodhani. Akanipiga unyayo wa kulia mara moja kwa ukingo wa rula.

Sikujua maumivu yanaweza kupanda kutoka mguuni hadi kwenye fizi. Nilipiga yowe. Nilijaribu kujigeuza nikashindwa, nikang'ata kitambaa cha sare za kwaya.

"Nani amekupiga?"

"Wewe, mama."

"Nani?"

"Wewe."

"Nikisema ni jirani, itakuwa je? Utapoa?"

Aliondoka juu yangu. Akaitupa rula chini. "Yule atafungua kitabu atafute jina la mukono wangu," alisema, "atakuta ninalia kwa mulango. Diploma, wewe unanifanya nimupige tena."

Binti alikuwa amejibana kwenye kona na mkasi wake, analia. Niliketi nikasema lile nililopaswa kusema tangu mwanzo, kwamba akikiri kitabuni anaweza kukamatwa, au kunyimwa karatasi, na kwamba mhariri anaweza kukataa kitabu kizima. Nilisema taratibu, na binti akasaidia pale Kiswahili chetu kilipopishana. Fundi alisikiliza hadi mwisho.

"Umemaliza?"

"Ndiyo."

"Ile hofu ni yangu. Mimi nitaibeba. Wewe andika."

Nilitembea hadi kwenye robot, taa za kuongozea magari za barabara kuu, nikikanyaga kwa ukingo wa mguu, teksi tatu zikanipita nikiwa nabishana na nafsi yangu. Je, ni ukweli au ni ukatili? Je, na binti yake, mama akikamatwa? Nilifika Bertrams, ninakoishi na binamu yangu, bila kupata jibu. Nilichokuwa na hakika nacho ni kwamba swali lile halikuwa langu la kujibu. Kesho yake, Jumapili, sikwenda kanisani. Nilisikiliza rekodi tena na kuandika kila kitu, mshipi wa gauni, plagi, kidole, usingizi wake mzuri. Sikumwekea hata chozi moja.

Jumatatu asubuhi nilienda ofisini kwa mhariri. Alisoma akiwa amesimama, kisha akakaa.

"Wasomaji watamchukia," alisema.

"Labda."

"Tunaweza kusema wote wawili walilazimishwa. Ni karibu na ukweli."

"Hakulazimishwa. Yule uliyemlilia nilimbuni mimi."

Alisema hawezi kuahidi kwamba kitabu kitatoka kikiwa hivi, lazima amwone wakili kwanza, na kwamba mimi hatanipa kazi nyingine. Nikamwambia sawa. Kisha nikamwomba afungue kompyuta yake aifute ile sura ya zamani, nikizunguka meza ili nione. Akaguna, akaitafuta, akaifuta. Nikamwomba afute na nakala iliyokuwa kwenye barua pepe.