Godoro la Mke Mwenzangu

Mume wangu ni fundi makochi, na mtaani wanamwita Sponji. Jina limemkaa, maana hakuna kipande cha sponji anachokubali kukitupa. Mabaki ya mito ya wateja huja nyumbani, akayapanga, akayapaka gundi, akayakandamiza mpaka yawe kitu. Viti vya jikoni kwangu ni mabaki matupu. Nikigomba, hunijibu, "Haba na haba, mama watoto."

Mjukuu wetu alipoletwa kuishi nasi, mzee alimtengenezea godoro kwa mtindo huohuo. Humwita "mke wangu mdogo," kwa hiyo nina mke mwenza asiye na meno ya mbele, na godoro lake lilikuwa nene kuliko langu. Nilisema sana kuhusu hilo.

Kilichotunyima raha ni kifua cha mtoto. Akiamka anakohoa, macho mekundu, kichwa kinamgonga. Zahanati walitupa dawa, ikaisha, wakatupa nyingine. Mzee roho ilimuuma. "Huyu analala pagumu," akasema, akaongeza tabaka la sponji. Alipokohoa tena, akaongeza tena. Ikafika mahali mtoto anapanda kitandani kwa kigoda.

Binti yetu wa mwisho anafanya kazi maabara. Huko wanatengeneza utepe wa hariri ya viwavi uliochanganywa na vimeng'enya. Hewa ikiwa safi, utepe ni wa buluu. Ikiwa na mvuke wa kemikali, unageuka zambarau, na mvuke ukizidi, unakuwa mwekundu. Alimletea baba yake vipande kadhaa avijaribu karakanani.

"Yaani kiwavi ndiye atanifundisha kazi?" mzee akacheka.

"Hakufundishi, baba. Anakuonya tu."

Karakana ni bati juu na pembeni wazi, upepo unapita. Utepe ukaishia zambarau, na mzee akatamba jioni nzima kwamba yeye ni chuma. Kesho yake mtoto akaomba utepe uliobaki, ungali wa buluu, nikamfunga nao nywele, akaenda kulala mchana wake.

Alipotoka chumbani, utepe ulikuwa mwekundu kama pilipili iliyoiva.

"Umechezea rangi yangu ya kucha?" nikafoka.

"Sijagusa, bibi!" Akaanza kulia, kilio kikaleta kikohozi, kikohozi kikagoma kuisha. Hapo nikakumbuka kwamba utepe ule kazi yake ni kuonya. Nikampigia simu binti yangu.

"Mama, alikuwa amelala wapi?" ndilo neno la kwanza alilouliza.

Alikuja na tepe mpya. Jikoni, buluu. Dirishani, buluu. Wa mwisho akaulaza juu ya godoro, tukasimama tunautazama, mimi, yeye na mzee. Ukageuka mbele ya macho yetu, zambarau kwanza, kisha mwekundu, na hakuna mkono uliougusa.

"Gundi iliyo ndani haijakauka," binti akasema polepole. "Ni tabaka juu ya tabaka, baba. Akilala, joto la mwili wake linautoa mvuke, naye anauvuta."

Jamani, pua zetu zilikuwa wapi? Lakini kwetu harufu ya gundi ilikuwa harufu ya baba karudi nyumbani. Hakuna aliyeinusa tena.

Mzee alibeba godoro mpaka uani, akachukua kisu, akaanza kulichana tabaka moja baada ya jingine. Yote aliyakumbuka.

"Hili ni la alipoanza kukohoa," akasema. "Hili la alipotapika. Hili la juzi."

"Basi, mume wangu," nikamwambia. "Basi." Hakuacha.

Mtoto akahamia mkekani, sakafuni. Kikohozi kikapungua, kisha asubuhi moja hakikuja kabisa. Nilipiga kigelegele kwa furaha, nikamsahau aliyekaa mezani. Nilipogeuka, alikuwa ameisukuma chai yake pembeni, machozi yanamtiririka. Alikuwa anaomba mtoto apone, na kupona kwake ndiko kulikomhukumu.

Mtoto akampandia mapajani. "Babu, nimepona! Sasa utanitengenezea godoro jingine?"

Mume wangu hajawahi kumnyima kitu mtoto huyo. Aliiangalia mikono yake, kisha akaniangalia mimi, nimsaidie kujibu. Na mimi, kwa mdomo wangu huu wote, nikamrudishia tu chai yake karibu.