Magadi Kutoka Nyumbani

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi niliyomkaba mdogo wangu Elia pale bombani Chuno, mtaa wetu wa Mtwara, nikamsugua meno kwa kitambaa chenye majivu hadi mate yake yakawa mekundu. Nilikuwa kidato cha kwanza, naye darasa la kwanza. Meno yake mapya ya mbele yalikuwa yameota na madoa ya kahawia.

Yangu yalikuwa hivyo hivyo. Tulitoka Arumeru, ambako maji yana madini ya floraidi yanayoharibu jino la mtoto likiwa bado ndani ya ufizi. Kule hakuna aliyenicheka, maana tulifanana. Baba, aliyekuwa mwalimu, alipohamishiwa Mtwara, wenzangu shuleni, ambao kwao kila mtu wa kaskazini alikuwa Mchaga, wakaniuliza, "Mchaga, kwenu mnapigia mswaki chai?" Nikajifunza kucheka nimefumba mdomo.

Lakini Elia alizaliwa hapa, akanywa maji ya hapa, na meno yake ya utoto yalikuwa meupe. "Huyu amepona," Mama alisema. Nami nilimkagua kinywa kila mara kama mtu achaguaye mchele.

Bibi Somoe, jirani yetu Mmakonde, ndiye aliyeninyang'anya kitambaa.

"We mwali, unasugua sufuria?"

"Ni uchafu, bibi."

"Uchafu gani unatoka damu, wenyewe hautoki? Hilo jino limezaliwa na doa lake. Mpelekeni hospitali mkaulize! Kuuliza si ujinga."

Daktari wa meno aliuliza kuhusu maji, kisha chakula. Mama akajibu, kwa fahari kidogo, kwamba maharage na makande yake huiva upesi, kwa sababu bibi yetu hututumia magadi kutoka nyumbani.

Daktari akaweka chini kioo chake. "Mama, madini yale yale yamo humo."

Tuliyakimbia majini, tukaletewa kwa basi.

"Hayatarudi meupe?" Mama akauliza.

"Haya yaliyoota, hapana. Ambayo hayajaota, tusubiri."

Mama hakulia pale. Nyumbani alimwaga magadi yote chooni, akakaa jikoni bila kuwasha moto. Meno mengine nayo yaliota na madoa. Elia, aliyekuwa msemaji kuliko sisi sote, akaanza kuzungumza mkono ukiwa mdomoni. Kwenye picha za harusi yake hakuna hata moja anayocheka.

Mimi si daktari, mwanangu. Nijuayo nimejisomea, kwa hofu ya kukukosea wewe. Maji yakimwagika hayazoleki, na doa la namna ile halitoki kwa mswaki wala majivu. Unapohamia, uliza kama maji yamepimwa. Kuyachemsha hakuondoi madini hayo. Magadi usimpikie mtoto, hata akikutumia mama mkwe. Mshukuru, uyaweke kando. Mazoea yana taabu, na haya ya kwetu yalikuja yamefungwa kwa upendo. Tena ukimkuta mtoto mwenye meno kama yetu, usimwulize kama hupiga mswaki.

Mungu akujalie watoto wanaocheka midomo wazi, na awatangulie kwenye kila maji watakayokunywa.