Mkono wa Drafti Kwenye Ubao wa Sataranji

Drafti niliijua kabla ya kujua kusoma. Tulikuwa Karagwe, upande wa Tanzania, watoto wa Wanyarwanda waliovuka mpaka, na ubao wetu ulikuwa kipande cha mbao kilichochorwa kwa mkaa. Kete zilikuwa vizibo vya soda. Vyangu vikitazama juu, vyako vikitazama chini. Miaka mingi baadaye nilikuwa mkata tiketi katika stendi ya Nyabugogo, huku Kigali, na pale, kati ya basi moja kuondoka na jingine kujaa, nilicheza na madereva, na wapagazi, na wafanyabiashara waliokuwa wanasubiri mizigo. Sijivuni bure nikisema walioweza kunifunga walikuwa wachache. Walikuwa wakiona nimevaa miwani wanasema, "Leo mzee amekuja na macho manne, tujifiche."

Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo lililoniponza.

Nilipostaafu nikabaki nyumbani Kabeza, nikisikiliza ndege zinavyoshuka kuelekea uwanja wa Kanombe, shemeji yangu alinipigia simu. Ni kaka yake mke wangu, mwalimu mstaafu, yeye hakurudi Rwanda. Alibaki kule kule Karagwe na migomba yake. Akasema, "Shemeji, acha vizibo. Njoo kwenye mchezo wa watu waliosoma." Alikuwa anacheza sataranji kwenye simu, na akataka tucheze wote, yeye kule na mimi huku, kila Jumapili baada ya ibada. Mke wangu ndiye aliyeniwekea mchezo huo kwenye simu. Yeye ndiye mjuzi wa simu nyumbani, kwa sababu ya mambo ya kwaya yake.

Nilidhani ni drafti yenye sanamu. Ubao ule ule, nyumba zile zile nyeupe na nyeusi. Nikamwambia mke wangu aandae chai ya kumpa pole kaka yake. Chai hiyo niliinywa mimi.

Sasa naweza kueleza vizuri nilivyokuwa nacheza, maana nimerudi kuitazama michezo ile mmoja mmoja, na simu ina tabia ya kukuonyesha makosa yako kwa rangi nyekundu, bila haya. Katika drafti, kula ni lazima. Kete ikiwekwa mbele yako, unaila. Usipoila, yako inaondolewa. Mkono wangu ulilelewa hivyo kwa zaidi ya nusu karne. Kwa hiyo kwenye sataranji shemeji akinisogezea farasi, nakula. Akiniwekea askari, nakula. Sikuwa najiuliza kwa nini mwalimu mzima ananigawia mali yake. Nilikuwa nakula huku nikicheka, kisha baada ya hatua mbili malkia wangu hayupo.

Kosa la pili lilitoka huko huko. Kete ya drafti haina kinyumenyume mpaka iwe imefika mwisho na kupata ufalme. Farasi wangu wengi walikufa wakiwa wamekaza macho mbele, wakati njia ya kurudi nyumbani ilikuwa wazi nyuma yao. Nilikuwa naiona hatari, natafuta pa kukimbilia mbele, nakosa, basi namwacha mnyama afe. Mke wangu, ambaye hachezi lakini hukaa karibu akichambua mchele, aliwahi kuniuliza, "Huyo hawezi kurudi alikotoka?" Nikamwambia anyamaze, hajui mambo haya. Farasi akaliwa. Nikaangalia tena. Kweli, angeweza kurudi.

Lakini kosa kubwa halikuwa la mkono. Lilikuwa la moyo, na hilo najuta mpaka leo.

Katika mchezo wa simu kila mtu ana saa yake. Ikiwa zamu yako, dakika zako ndizo zinazopungua. Mtu mwungwana akiona ameshindwa, anakubali kwa kubonyeza mahali, au anaendelea mpaka mfalme wake afungwe. Mimi nilikuwa naigeuza simu kifudifudi juu ya meza na kuondoka. Namwacha mwenzangu akitazama saa yangu inavyotembea mpaka iishe. Kwa watu nisiowajua, niliokutanishwa nao na simu, nilifanya hivyo mara nyingi, na nilijiambia hawanijui. Kisha nikamfanyia shemeji.

Ilikuwa Jumapili, mchana. Alikuwa amenipa farasi, nimemla, malkia wangu amekwenda. Nikaigeuza simu, nikaingia jikoni kujifanya natafuta sukari. Baada ya muda simu ya mke wangu ikalia. Akaweka sauti ya juu, kama kawaida yake.

"Dada, mwambie mume wako asogeze. Au amelala?"

Nikamwonyesha mke wangu kwa mikono: sipo. Akanikazia macho. Nikasema kwa sauti kutoka jikoni, "Mwambie umeme umekatika! Mtandao umeondoka!"

Halafu shemeji akasema, "Umeme umekatika. Na hiyo kwaya ninayoisikia redioni inaimba gizani?"

Mke wangu alicheka mpaka akashika meza. Mimi sikucheka, na shemeji pia hakucheka.

"Shemeji," akasema, "najua unanisikia. Kushindwa si kosa, hata mimi nashindwa. Lakini unaniweka mbele ya kiti kitupu kama mtu aliyeleta posa kwenye nyumba isiyo na watu. Wewe ulipokuja kuposa kwetu, nani alikukimbia? Tulikaa, tukakusikiliza, na ulikuwa unaongea vibaya."

"Aliongea vibaya sana," mke wangu akasema.

"Basi. Sichezi tena na mtu anayekimbia." Akakata.

Nilidhani ni hasira ya siku moja. Jumapili iliyofuata nilimtumia mwaliko wa mchezo, ukakaa bila jibu. Na iliyofuata. Alikuwa anampigia dada yake, wanaongea habari za mvua, za ndizi, za wagonjwa, na mimi sitajwi. Ndipo nilipojua kwamba mchezo ule ndio uliokuwa mazungumzo yetu. Wanaume wawili wazee, tumelelewa kijiji kimoja, mpaka uko katikati, miguu haitaki tena safari ndefu. Bila ubao hatukuwa na la kusema zaidi ya "hujambo" na "wasalimie".

Nikaanza kujifunza, na najivunia namna nilivyojifunza, kwa sababu hakuna aliyenisukuma. Nilijiwekea sheria mbili. Ya kwanza, kabla ya kula chochote, naikalia mikono. Kweli kabisa, naiweka chini ya mapaja, natazama ubao, najiuliza huyu anataka nini. Mwanamke wa duka la jirani alinikuta hivyo kibarazani akaniuliza kwa Kiswahili chake cha Kigali, "Muzee, iko baridi?" Nikamwambia hapana, iko tamaa. Akaenda zake akitikisa kichwa.

Ya pili, siondoki. Nikishindwa, nashindwa nikiwa nimekaa. Hii ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza. Watu wa nchi nisizozijua walinifunga mfalme, nami nikawa nawatazama wanavyomfunga, hatua kwa hatua, kama mtu anayeangalia fundi akibomoa ukuta wake. Ila nikagundua jambo ambalo stendi haikunifundisha: mtu aliyeshinda huanza kucheza ovyo. Anaharakisha. Anataka kuonyesha. Na ukiwa bado umekaa, mara nyingine anakuangushia kitu.

Siku niliyomwacha askofu wa bure kwa mara ya kwanza, nilimwita mke wangu aje aone. Mtu mmoja, bendera yake ina nyota, alikuwa ameniwekea askofu mbele ya malkia wangu, peupe. Nikaikalia mikono. Nikaona kamba ilipofungwa: nikimla, ngome yake inashuka mpaka kwa mfalme wangu. Nikamrudisha farasi nyuma. Nyuma! Mtu yule alifikiri kwa muda mrefu sana. Nilishinda mchezo ule, na jioni hiyo nilitembea mpaka barabara kubwa na kurudi bila kuwa na shughuli yoyote huko.

"Umejifunza kurudi nyuma," mke wangu akasema. "Sasa mrudie na kaka yangu. Mpigie wewe, usiningoje mimi."

Nikampigia. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, yakapotea yote.

"Mwalimu," nikasema, "umeme haukukatika."

"Najua."

"Nilikimbia. Nilikuwa jikoni."

"Najua, shemeji. Nilisikia kopo la sukari."

Kisha akasema, "Mchezo mmoja. Ukikaa mpaka mwisho, tunaendelea kama zamani. Ukiondoka, huo ndio wa mwisho, tutaonana kwenye misiba."

Jumapili ile mke wangu aliweka simu yake katikati ya meza, sauti juu, ili wote tumsikie kaka yake. Redio aliizima. Alisema hataki visingizio.

Nilianza vizuri. Nilitoa farasi mapema, nikamficha mfalme, sikukimbilia pembeni kama zamani. Shemeji akaniwekea askari wa bure. Nikaikalia mikono, nikamwacha. Nikasikia akiguna kule. Akaniwekea farasi. Nikamwacha.

"Muramu," akasema. Neno hilo la Kinyarwanda la shemeji hulitumia akitaka kunichokoza. "Umefunga? Ni Kwaresima huko Kigali?"

"Nimeshiba, mwalimu. Kula mwenyewe."

"Dada, umempa nini huyu?"

"Maharage," mke wangu akajibu.

Lakini yeye ni bora kuliko mimi, na hilo lazima liandikwe. Polepole alinibana. Tukabadilishana vitu, ubao ukabaki mtupu, na mwishowe nilikuwa na mfalme peke yake. Yeye alikuwa na mfalme na askari wawili. Mmoja alikuwa mbali upande wa pili, akitembea kwenda kugeuka malkia. Wa pili alikuwa ameshafika mstari wa kabla ya mwisho, pembeni kabisa, ubavuni mwa mfalme wangu, na hakuna aliyemlinda.

Nilikuwa nimeshindwa. Kila mtu katika chumba kile alijua, hata anayechambua mchele. Mkono wangu ulitaka vitu viwili kwa wakati mmoja: kumla askari yule, au kuigeuza simu.

Nikaikalia mikono yote miwili. Nikimla, natoka hadharani, yule askari wa mbali anafika, kwisha. Nisipomla, kwisha vilevile, isipokuwa jambo moja. Kulikuwa na kona nyuma ya askari yule. Nikampeleka mfalme wangu kwenye kona hiyo, akasimama pale kama mtu aliyejificha nyuma ya mlango wa adui yake.

Shemeji alikuwa na kazi moja tu: kumsogeza askari wa mbali. Mwalimu wa miaka mingi, mcheza sataranji wa kweli. Lakini na yeye alilelewa na vizibo. Na katika drafti, ukimzibia mwenzako mpaka hana pa kusogea, umemfunga. Ndiyo furaha kubwa kuliko zote, kumziba. Nilijua furaha hiyo. Tuliijua pamoja, tukiwa watoto, chini kwenye vumbi.

Akamleta mfalme wake karibu, akafunga mlango.

"Shemeji!" sauti yake ikajaa chumba. "Angalia! Huna pa kukanyaga!"

"Kweli sina," nikasema.

"Mbele huna, nyuma huna!"

"Sina, mwalimu."

"Basi sema umefungwa!"

"Je, mfalme wangu ameguswa?"

Nilisikia jogoo wake, na mtu akipita na baiskeli. Kwenye simu yangu tayari palikuwa pameandikwa kwamba mchezo umekwisha, sare. Katika sataranji, mfalme asiye na pa kwenda, ambaye hakuna anayemshambulia, hajashindwa. Hakuna mshindi.

Kimya kilikuwa kirefu mpaka nikaogopa. Nikafikiri, sasa yeye ndiye aliyeigeuza simu. Na nikajua jinsi alivyojisikia siku ile, kukaa mbele ya kiti kitupu.

"Upo, mwalimu?"

"Nipo," akasema. "Naangalia." Halafu akaanza kucheka, kidogo kidogo, kisha kicheko cha mtu aliyejikuta ndani ya mtego wa panya alioutega mwenyewe. "Nimekuziba! Nimekuziba kama kizibo! Dada, huyu mzee amenirudisha kwenye drafti!"

Sijamshinda shemeji mpaka leo. Bado nafungua mchezo polepole mno, saa yangu hunisumbua, na nikichoka mkono unarudia tabia yake ya kula. Alama zangu zimevuka elfu moja, jambo ambalo mtoto wa shule angelicheka, nami mwacheni acheke. Nilizipata moja moja, nikiwa nimekalia mikono.

Lakini Jumapili ile, kabla chai haijapoa, simu yangu ililia tena. Ulikuwa mwaliko wa mchezo mwingine, kutoka Karagwe. Tangu tuanze, mimi ndiye niliyekuwa naomba.

Mke wangu akaichungulia kwa juu ya ungo wake. "Usimkubalie haraka," akasema. "Mwache asubiri kidogo."

"Hapana," nikamwambia. Nikatoa mikono chini ya mapaja, nikabonyeza.