Vigelegele vya Bilha

Kwa Wakenya wa Durban, harusi bila Bilha haikuwa harusi. Wiki nzima alipakia maboksi kwenye ghala moja la Mobeni, lakini Jumamosi alikuwa shahidi wa wote waliooana katika kanisa letu la Isipingo. Wakishaweka saini tu, vigelegele vyake vilifika hadi stendi ya teksi. Mwezi wa Desemba ingekuwa zamu ya kuolewa ya Fiona, mtoto wa marehemu dada yake, aliyemlea mwenyewe.

Nigel na Travis nao walimwendea yeye awe shahidi wao. Walikuwa wapenzi wa miaka mingi, ingawa kanisani tuliwaita marafiki. Mwaka jana Travis alipolazwa, Nigel alizuiwa mlangoni mwa wodi. Aliyeulizwa kama mgonjwa apasuliwe ni kaka yake wa Nakuru, ambaye hata simu za Travis alikuwa hapokei. Sasa Travis alingoja upasuaji wa pili. Sheria ya hapa inawaruhusu wawili kama wao kuchagua: waandikishwe kama ndoa, au kama ushirikiano wa kiraia. Haki ni zilezile.

"Ndoa tumewaachia nyinyi wa kanisani, Anti," Nigel alisema. "Mimi nataka daktari aniulize mimi."

Bilha alikoroga chai iliyokwisha poa. "Nitasaini. Lakini iwe siri. Mchungaji Protas akijua, sitasimama na Fiona wangu."

"Na vigelegele je?" Travis akamchokoza.

"Koma! Siku hiyo mdomo nitauacha nyumbani."

Shahidi wa pili nilikuwa mimi. Pale ofisi ya Mambo ya Ndani, wanakoandikisha ndoa, afisa aliwauliza wanachagua kipi. "Ushirikiano," wakajibu pamoja. Baada ya saini, Nigel alianza kulia, na Travis, aliyekonda hadi pete ikamlegea kidoleni, akamfuta machozi kwa ncha ya tai. Hapo mazoea yakamshinda Bilha. Vigelegele vikatoka, virefu, vya harusi kamili.

Akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

Nje, kwenye foleni ya vyeti vya kuzaliwa, alikuwapo Valerie wa kwaya. Hakuhitaji hata kuchungulia.

Jumapili, baada ya ibada, Mchungaji alimwita mbele ya wazee. "Dada Bilha, sema tu hukujua ni nini. Walikudanganya. Tutaomba pamoja, na Desemba utasimama na binti yako."

Wazee wakaitikia kwa vichwa. Mtu alikaribia kufa peke yake na mpenzi wake amesimama nje ya mlango, na hakuna hata mmoja wao aliyeliona hilo kuwa dhambi!

Bilha alimtazama Fiona, aliyekuwa akitazama viatu vyake.

"Mchungaji," alisema, "umewahi kunisikia nikimpigia vigelegele mtu nisiyemjua?"

Desemba alikaa benchi la mwisho, karibu na mlango, na Nigel kando yake. Travis alikuwa wodini kwa upasuaji wake wa pili. Shahidi alikuwa Valerie. Fiona aliweka saini, kalamu ikawekwa mezani, kanisa likangoja. Vichwa vikaanza kugeuka nyuma, kimoja kimoja, na mwishowe cha Fiona mwenyewe, macho yamejaa maji.

Bilha alifungua mdomo. Sauti haikutoka.