Siku Tuliyofunga Mizigo kwa Vitendo

Wenzetu wa shule nyingine, tulisikia, hupelekwa mbugani kuona tembo. Sisi darasa la sita, pale Mbinga, tulipelekwa kwenye kampuni ya kuhamisha vyombo. Mwalimu mkuu alitangaza mstarini kana kwamba anatupeleka Ulaya: kesho ziara ya mafunzo, kila mmoja aje na daftari, kalamu na kamba. Kamba haikumshangaza mtu. Shule ilikwisha kutudai kuni, samadi, maji na matofali. Aliyekuja na daftari tu alionekana mvivu.

Kampuni yenyewe ilikuwa lori moja la Fuso na baba mmoja mwenye kitambi aliyejiita mkurugenzi. Msimu wa kahawa Fuso hubeba magunia kutoka Mpepai. Msimu ukiisha hubeba watumishi wa serikali waliohamishwa. Mkurugenzi alitufundisha kwa nusu saa nzima: vizito chini, vioo vifungwe kwenye blanketi, skurubu za kitanda zitiwe kwenye soksi zisipotee. Tuliandika yote. Mwalimu mkuu akaongeza kwamba tutaandika ripoti ya kurasa mbili, na mwalimu wetu wa darasa ataisahihisha Jumatatu.

Mwalimu wetu wa darasa hakuwepo siku hiyo. Ana udhuru, tuliambiwa. Mimi nilinuna. Kabla hajaletwa kwetu kutoka Bukoba, nilikuwa mkazi wa kudumu wa dawati la nyuma, mbumbumbu wa hesabu mwenye cheo changu. Yeye ndiye aliyenibakiza kila jioni na kopo la punje za mahindi, tukigawa mafungu mpaka hesabu za sehemu zikaniingia kichwani. Aliniahidi tutakwenda hivyo hadi mtihani wa darasa la saba. Nilimpenda, na bila yeye niliona nitarudi nyuma kule kule.

“Haya, sasa vitendo!” alisema mkurugenzi.

Tukaifuata Fuso kwa miguu hadi nyumba ya kupanga nyuma ya kanisa, ambako sikuwahi kufika. Vyombo vilikuwa vimekwisha kutolewa uani. Tulipakia kwa mashindano, watoto arobaini, kabati, magodoro, hata kuku wawili miguu juu. Wapagazi wa kampuni, ambao ndio walikuwa wanalipwa, walikaa kivulini kutukagua. Mimi nilifunga kamba ya nyuma kwa fundo tulilofundishwa, na mkurugenzi akawaita wenzangu waje waone. “Mzigo wa binti huyu haushuki njiani,” alisema. Kichwa kikanivimba.

Ndipo mlango ukafunguliwa, akatoka mwalimu wetu, kitenge begani, kopo la mahindi mkononi.

“Shikamoo, Madam!” tulimwamkia sote arobaini.

“Marahaba, wanangu,” alisema, akitazama chini. Baadaye nilijua kwamba alitaka kuondoka kimya kimya, maana hakuweza kutuaga.

Mwalimu mkuu alikohoa, akatueleza kwamba Madam amehamishiwa Ngumbo, kando ya ziwa, kwa manufaa ya umma. Umma wenyewe ulikuwa umesimama pale na jasho, umeshika kamba. Mwenzangu mmoja akampongeza kwamba sasa atakula samaki wa ziwani, mbasa wabichi, kila siku.

Mimi nilimgeukia mkurugenzi. “Shikamoo, baba. Mazoezi si yameisha? Tunashusha saa ngapi?”

“Vitashushwa Ngumbo, mwanangu.”

Wenzangu walicheka. Mimi nilirukia kamba yangu nikaanza kufungua. Fundo halikulegea. Nilivuta kwa kucha, nikavuta kwa meno, nikilia waziwazi mbele ya darasa zima, na kamba ikakaa vile vile nilivyosifiwa.

Madam alinishika mikono. “Umefunga vizuri,” alisema. “Mia kwa mia.” Akanipa kopo, akapanda mbele kwa dereva.

Jumatatu niliweka ripoti yangu mezani kwake, kurasa mbili, mwandiko safi. Ilikaa pale mpaka muhula ukaisha, haina hata alama moja ya kalamu nyekundu. Mwalimu mkuu aliwaambia wazazi kwamba ziara ilifana sana.

Mwaka uliofuata alisimama tena mstarini akatangaza ziara ya mafunzo. Alipofika kwenye kamba, darasa zima tuligeuka kumtazama mwalimu wetu mpya.