Shati la Mtoto wa Sumaku

Siku ile mwaloni Katonga, mitumbwi inaposhushia watu, tulikuwepo mimi na wadogo zangu wawili, mwenye mtumbwi aliyetuleta kutoka Ujiji, mama muuza dagaa, mwanamume mmoja mkimbizi kutoka Kongo, na mwanawe wa miaka kumi na miwili hivi.

Mwaka ule wakimbizi walikuwa wakishuka kila siku na magodoro na masufuria. Mwanamume yule alishuka na hadithi: kwamba mwili wa mwanawe huvuta chuma. Kila alasiri alimsimamisha ufukweni, amemshika kisogo kama anayeuza mbuzi, na vijiko vikaganda kifuani kwa mtoto, juu ya shati. Watu wakatoa dagaa. Mchezo ukiisha, mtoto alifungiwa ndani. Ziwani hakuruhusiwa kutia hata kidole, eti maji yangemmaliza nguvu. Niliyaona hayo nilipokuwa nikija Katonga kutafuta chumba, nikamdharau baba kwa uongo wake, na mtoto kwa kumtii.

Mimi niliacha shule wazazi walipofariki, nikabaki na wadogo na cherehani ya mama. Siku ile tulikuwa tunahamia Katonga kushona sare za shule. Kesi ya bobini, kichuma kidogo ambacho bila hicho cherehani ni meza tu, nilikuwa nimeifunga kwenye pindo la kanga isipotee. Wakati wa kushuka mtumbwini nikapandisha kanga nisilowe. Fundo likafunguka, kesi ikazama. Madukani mjini nyingine haikuwepo. Nikasema atakayeipata namshonea shati.

"Mutoto yangu ataiita kutoka hapa," yule baba akasema. "Nyoosha mikono."

Mtoto akanyoosha. Tukangoja.

"Labda haisikii Kiswahili," mama muuza dagaa akasema. "Mzee, si aingie majini?"

"Mutoto yangu hagusi maji."

"Nguvu gani hizo zinazoogopa kuoga?"

Tukacheka. Baba akanigeukia. "Weye dada una mashaka. Chuma inakimbia mashaka."

Mdogo wangu wa mwisho akaanza kulia. Alijua chakula chetu kiko kule chini. Mtoto akamtazama, akajinasua mkononi mwa baba yake, akaingia ziwani hadi kiunoni. Akafungua shati. Kifuani, ndani ya kitambaa, alikuwa amefungwa sumaku ya spika ya redio. Akaifungua, akainama, akaiburuta kwenye mchanga wa chini mara nne, tano. Ilipotoka, kesi yangu ilikuwa imeganda juu yake.

Akanikabidhi mbele ya watu wote. Nami, badala ya kumshukuru, nilimwuliza baba yake kama sasa, mchezo umeisha, atauza samaki. Alimshika mwanawe kisogo wakaondoka, mtoto akichuruzika maji. Kesho yake walipanda lori la kambini.

Sare nilizishona, wadogo wakala. Baba yule namdharau mpaka leo, sijaona sababu ya kuacha. Lakini shati nililokata jioni ile, kwa kukisia mabega ya mtoto, bado liko kwenye droo ya cherehani, halina vifungo. Sasa mtoto yule ni mtu mzima, halitamtosha. Kitambaa kingine ninacho. Vipimo vyake sina.