Katekista Aliyejifunza Poka

Pale Mitundu, ukimtaja Mzee Antipasi, watu wa rika lake watakusimulia kwanza habari ya sauti yake. Alikuwa katekista wa kigango kwa miaka mingi. Padre aliposhindwa kufika kwa sababu ya mvua na ubovu wa barabara, yeye ndiye aliyesimama mbele akaongoza ibada, na hakuhitaji kipaza sauti. Hata waliokuwa bado wanaegesha baiskeli nje walisikia kila neno. Siku za kazi alilima alizeti na kufuatilia mizinga yake ya nyuki porini. Alikuwa mtu wa msimamo, na aliona fahari kuitwa hivyo.

Yeye na mkewe Kristina walijaliwa mtoto mmoja tu, Anastazia. Binti alimaliza kidato cha nne, akasoma kozi ya hoteli, akapata kazi ya mapokezi hotelini Arusha. Mwanzoni baba yake alimsifu kila mahali. Hata kwenye mafundisho ya kipaimara alimtaja kama mfano. Kisha mtu mmoja wa Mitundu aliyekwenda Arusha kwa shughuli zake akarudi na habari: binti wa katekista hayuko tena mapokezi. Amehamishiwa kwenye kasino ya hoteli, na kazi yake ni kugawa karata kwenye meza ya poka.

Antipasi hakuuliza kugawa karata maana yake nini. Kwake karata zilikuwa kamari, na kamari alikuwa ameikemea kanisani kwa sauti ile ile. Alimpigia binti simu mchana huo huo.

"Ni kweli ninayoyasikia?"

"Ni kweli baba, lakini mimi sichezi. Mimi kazi yangu ni..."

"Iache kazi hiyo. Usipoiacha, usiniite baba."

Akakata simu kabla binti hajamaliza. Kristina, aliyekuwa anapepeta mahindi pale uani, alimtazama mumewe, akainama tena kwenye ungo wake. Tangu siku hiyo aliongea na mwanaye nyuma ya jiko kwa sauti ya chini, na Antipasi alijifanya hasikii.

Kristina alikufa kwa presha, ghafla, msimu wa kuvuna. Anastazia alifika msibani asubuhi ya mazishi, macho yamevimba kwa kulia na kwa safari ya basi. Baba yake alimpa mkono kama anavyompa mgeni. Siku ya kuanua matanga, watu walipokuwa wameketi uani na msemaji wa familia akisoma majina ya waliotoa rambirambi, alipofika kwenye jina la Anastazia, Antipasi alisimama.

"Hiyo mrudishieni," alisema. "Mke wangu hajazikwa kwa fedha ya kamari, na matanga yake hayataanuliwa kwa fedha hiyo."

Watu walitazama chini. Msemaji hakujua afanye nini na bahasha ile mkononi. Anastazia akainuka mwenyewe kwenye mkeka wa wanawake, akaja akaichukua, akapiga goti kidogo mbele ya baba yake kama alivyofundishwa tangu utotoni, akaingia ndani kuchukua begi lake. Hakuna aliyemsindikiza kituoni. Mzee naye akaagiza jina la binti lisitajwe tena mbele yake, na kwa kuwa alikuwa mtu wa msimamo, watu walimtii.

Miaka ikapita. Antipasi akamwachia ukatekista mtu mwenye umri mdogo zaidi, akabaki na shamba na nyuki. Ndipo alipoanguka na baiskeli akitoka porini, goti likavimba, likakataa kukunjika. Dada yake Magreth, mjane anayeishi Utemini, Singida Mjini, akamfuata mwenyewe, akampeleka hospitali. Madaktari wakamwambia atahitaji mazoezi ya goti kwa muda mrefu, hivyo akabaki Utemini.

Nyumba ya Magreth ina duka dogo kwa mbele, na ubavuni mwa duka kuna banda la Noel, fundi wa simu. Saa za mchana, wateja wakipungua, Noel na wenzake hutandika kipande cha kapeti juu ya meza ya kazi na kucheza karata. Mzee, aliyekuwa amewekewa kiti barazani ili anyooshe mguu, hakuwa na pa kutazama isipokuwa pale. Siku za kwanza aligeuza kiti akatazama upande wa barabara. Jua la mchana likamwunguza, akarudisha kiti kilipokuwa.

Siku moja alisikia mmoja wa wale vijana akisema neno poka.

"Huo mchezo mnaocheza ndio poka?" aliuliza.

"Shikamoo mzee," alisema Noel kwanza, maana hawakuwa wamesalimiana siku hiyo. "Ndiyo, ni poka. Lakini hatuchezei hela. Ona, ni vizibo vya soda tu. Mama Magreth alisema akiona hata shilingi hapa anatufukuza."

"Na wewe mbona huna karata?"

"Raundi hii nagawa. Hapa kwetu tunapokezana, lakini kwenye kasino za kweli mgawaji ni mtu wa kuajiriwa. Yeye hachezi kabisa. Hashindi wala hashindwi."

Mzee aliusogeza mguu wake. Kisha akauliza polepole, "Sasa anafanya nini?"

"Anasimamia haki, mzee. Anachanganya karata mbele ya watu wote, anahakikisha hakuna mwizi, anahesabu, anasema nani kashinda. Meza yenye mgawaji mzuri haina ugomvi. Ni kazi ngumu ile. Unatukanwa na mlevi aliyeshindwa, na unatakiwa utabasamu."

Magreth anasema siku hiyo kaka yake hakula. Alidhani ni goti.

Kesho yake mzee alijikongoja kwa gongo lake mpaka bandani, akasema anataka kufundishwa. Vijana walitazamana, wakidhani anatania. Noel akampa kiti.

Hakuwa mwanafunzi mwepesi. Ilibidi afundishwe kwanza kutofautisha shupaza na maua, kisha cheo cha kila karata, kisha kwamba kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, na nyingine tano hufunuliwa mezani kwa awamu, na kila mtu hutengeneza mkono wake bora kwa kuunganisha zake na za wote. Alijifunza jozi, jozi mbili, tatu za namna moja, mfululizo wa karata tano zinazofuatana, na rangi moja, yaani tano za alama moja. Mpangilio wa nguvu ulimsumbua sana, akawa anaukariri kwa kunong'ona huku akifanya mazoezi ya goti, kama alivyokuwa akiwakaririsha watoto amri za Mungu.

Kilichomshinda kabisa ni uso wake. Akipata wafalme wawili, nyusi zilipanda. Akipata karata mbovu, aliguna. Vijana wakawa wanazitupa karata zao mapema kila akifurahi, na wanapandisha dau kila akiguna, na vizibo vyake vikawa vinaisha kabla chai haijaiva.

"Mzee, lazima uweze kutishia," Noel alimwambia. "Karata zako mbovu, lakini unaongeza vizibo kana kwamba unazo nzuri. Mwenzako anaogopa, anaacha."

"Huo si ni uongo?"

"Hujasema neno lolote, mzee. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuamulia ulicho nacho."

Mzee alizilaza karata zake kifudifudi, akasema amechoka kwa leo. Alirudi barazani, akakaa na maneno yale. Hajui kama Noel alielewa alichomwambia. Anastazia alijaribu kusema kazi yake ni nini, na yeye alishamwamulia.

Aliendelea kujifunza kwa wiki nyingi. Hakumwambia mtu sababu. Magreth alidhani kaka yake amepata cha kupotezea muda, akafurahi kimyakimya. Moyoni mzee alikuwa na mpango. Alitaka siku akimpigia binti asianze kwa kuomba msamaha, maana hakujua msamaha wa namna hiyo unaanzia neno gani. Alitaka aanze kwa kumuuliza jambo la kazi yake, kama baba wengine wanavyowauliza watoto wao habari za ofisini. Siku alipoona anaufahamu mchezo vya kutosha, alimwita dada yake.

"Namba ya Anastazia unayo?"

Magreth aliacha kupanga sabuni kwenye shubaka. "Ninayo."

"Nitafutie."

Magreth alitaka kusema kitu, akaghairi. "Ongea naye mwenyewe, kaka," alisema, akampigia, akampa simu, akatoka nje.

Iliita mara ya kwanza ikakatika. Ya pili ikapokelewa. "Haloo shangazi, shikamoo."

"Si shangazi. Ni mimi."

Kwa mbali ilisikika mashine inayonguruma, kisha ikazimwa. "Shikamoo baba."

"Marahaba." Alisahau yote aliyopanga, likabaki swali tu. "Nilikuwa nauliza. Kwenye poka. Mfululizo na rangi moja, kipi kinapiga kingine? Hapa kuna kijana tunabishana."

Alijua jibu. Alikuwa ameshalikariri siku nyingi.

"Rangi moja inapiga mfululizo," Anastazia alisema taratibu. "Baba, nani anacheza poka huko?"

"Mimi. Nimejifunza. Nimejua sasa kwamba mgawaji hachezi. Nilitaka nikuulize habari za kazi yako."

Alisubiri. Binti alipojibu, sauti yake ilikuwa ya upole, na mzee anasema hadi leo kwamba upole huo ulimuumiza kuliko kama angefokewa.

"Kazi ile niliacha, baba. Niliacha muda si mrefu baada ya msiba wa mama. Nilirudi mezani, mikono ikawa inatetemeka, na mgawaji akitetemeka watu wanamshuku. Nikaomba kuondoka. Sasa niko Babati, nashona sare za shule."

"Mbona hakuna aliyeniambia?"

"Ulikataza, baba."

Magreth alimkuta bado ameshika simu, ingawa ilikuwa imekatika. Akamwambia kaka yake kile alichoghairi kukisema: kwamba alikuwa akijua muda wote, na kwamba mara mbili alikwenda Mitundu akitaka kumweleza, na mara zote mbili alipogusa tu habari za Arusha mzee aliinuka akaenda kwenye mizinga yake.

Anastazia alikuja Utemini Jumapili moja, kwa basi la asubuhi, akaleta shati alilomshonea baba yake bila kumpima. Lilimpwaya mabegani. Alikuwa amelikata kwa vipimo vya mzee aliyemkumbuka. Walikula wali na kuku wa Magreth wakaongea habari za mvua, bei ya alizeti na goti. Baada ya chakula mzee akatoa karata, akamwita Noel na Magreth, wakakaa wanne.

"Gawa wewe," mzee alimwambia binti.

Anastazia alisita, akafuta mikono kwenye kitenge chake, akazichukua. Mzee alikuwa amemwona mtoto huyu akijifunza kutembea, akijifunza kuandika, akibeba maji, lakini kitu hiki hakuwahi kukiona. Karata ziligawanyika mikononi mwake, zikaingiana kwa mlio mwepesi, zikanyooka kama hazijaguswa. Alizituma kila moja mbele ya mwenyewe, hakuna iliyozidi wala kupungua, na hakuwa anatazama mikono yake. Aliwatazama wao, uso umetulia, mgongo umenyooka, na kwa sauti ya wazi akasema, "Mchezo umeanza."

Noel akaguna. "Dada, sijawahi kuona hivi kwa macho yangu."

Mzee alishindwa kutazama karata zake. Sauti ile aliijua. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, ile ya kusimama mbele ya watu, na mtoto alikuwa amekwenda nayo Arusha, akaisimamia meza ya watu wazima na walevi, na watu wakaitii. Yeye mwenyewe angeweza kupanda basi siku moja tu, akasimama mlangoni, akaona.

"Ungenionyesha," alisema.

"Ungetazama, baba?"

Mzee aliziokota karata zake. Waliucheza mchezo ule mpaka mwisho, Magreth akashinda vizibo vyote bila kujua ameshindaje, wakacheka kidogo. Kisha Anastazia akatazama saa, akasema basi la Babati halisubiri. Mzee alimsindikiza na gongo lake mpaka kwenye bodaboda. Alimwomba aende Mitundu, akaone kaburi la mama yake, limejengewa sasa. Binti akasema, "Nitaona, baba," akapanda.

Goti lilipopona, mzee alirudi Mitundu. Jumapili ya kwanza, baada ya matangazo, alimwomba katekista mpya nafasi, akasimama mbele. Aliwaambia watu kwamba siku ya matanga ya mkewe alimdhalilisha mtoto wake mbele yao kwa jambo asilolijua, na kwamba mtoto alikuwa anafanya kazi ya halali kwa uaminifu. Wengine walidhani anatetea kamari. Katekista mpya alikohoa. Bibi mmoja aliyekuwepo kwenye mkeka wa wanawake siku ile alitoa leso akafuta macho. Sauti ya mzee haikuwa na nguvu kama zamani, na waliokuwa nje hawakusikia.

Jioni alimpigia binti kumweleza alichofanya. Anastazia alisikiliza mpaka mwisho.

"Asante, baba," alisema. Kisha akasema ana sare nyingi za kumalizia, shule zinakaribia kufunguliwa, atampigia akipata nafasi.

Alimpigia wiki iliyofuata, akauliza goti linaendeleaje. Mzee alimwambia linakunjika vizuri sasa. Kwenda Mitundu, mpaka sasa, Anastazia hajaenda.